Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo Juu ya Nesi wa Mkoba



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Somo letu la leo ni juu ya mgeni wa namna hiyo. Hufika kijijini mara moja kwa mwezi. Hufika kwa pikipiki au kwa baiskeli, na penye tope jingi hufika kwa miguu. Begani amening'iniza kasha lenye baridi ndani yake. Mkononi ana mizani. Huyu ndiye nesi wa mkoba.

Kwa nini tunasema "wa mkoba"? Kwa sababu kliniki yake yote hubebwa mkobani. Watu wa afya huiita kazi hii huduma ya mkoba. Wengine husema kliniki tembezi. Maana ni ile ile. Vijiji na vitongoji vingine viko mbali na zahanati. Mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kutembea saa 3 au 4 kabla hajafika. Basi badala ya mama kuifuata zahanati, zahanati inamfuata mama.

Sisi wa elimu ya watu wazima tumefuatana na manesi hawa katika kata zetu. Tumeona jambo moja ambalo kila kijiji kinapaswa kulijua. Safari ya nesi ina nusu mbili. Nusu ya kwanza anaitembea yeye. Nusu ya pili tunaitembea sisi, kutoka milangoni mwetu mpaka pale mtini anapotusubiri. Nusu moja ikikosekana, safari yote imekuwa bure.

Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni kuna maneno ya kujifunza, maswali, na hesabu.

1. MANESI WASAFIRI WAKO NCHI NYINGI

Nesi wa kusafiri si wa kwetu tu. Marekani, katika milima ya Kentucky, mama mmoja aitwaye Mary Breckinridge alianzisha huduma ya manesi wakunga mwaka 1925. Barabara nzuri hazikuwepo. Manesi walipanda farasi, na dawa zao zilikuwa ndani ya mifuko iliyofungwa kwenye matandiko. Walivuka mito kwenda kuwazalisha akina mama nyumbani kwao.

Nchi ya Australia ni pana na watu wake wengine wanakaa mbali sana na mji. Huko ilianzishwa huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1928. Hapa Afrika Mashariki huduma kama hiyo ilianza mwaka 1957. Iliasisiwa na madaktari watatu, na mmoja wao ni Michael Wood. Ndege ndogo ziliwafuata wagonjwa mahali pasipo na barabara.

Siku hizi huko Marekani kuna manesi wasafiri wa namna nyingine. Hospitali ikipungukiwa na manesi, humwajiri nesi kutoka mbali kwa muda mfupi, mara nyingi wiki 13. Wiki hizo zikiisha, nesi hufunga mizigo yake akaenda hospitali nyingine. Ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, manesi wa namna hiyo walitafutwa sana.

Nesi wetu hana farasi wala ndege. Wala hahami kila wiki 13. Yeye huenda na kurudi kwa njia ile ile, mwezi baada ya mwezi. Lakini sababu ya safari zote hizi ni moja. Wagonjwa wako hapa, na huduma iko kule. Lazima mtu mmoja atembee.

2. KAZI HII IMELETA NINI

Wazee wetu wanaukumbuka ugonjwa wa ndui. Ulitia watu makovu usoni, ulipofusha, uliua. Leo kijana hajui hata sura yake. Je, ndui ilikwenda wapi? Haikuondoka yenyewe. Wachanjaji walitembea kijiji kwa kijiji, nchi kwa nchi, wakiwatafuta wagonjwa na kuwachanja watu waliowazunguka. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua huko Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani.

Hapa Tanzania, mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima kama milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ukaanza mpango wa taifa wa chanjo. Tangu wakati huo chanjo zimeongezeka. Leo mtoto hukingwa dhidi ya kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, nimonia, kuhara, surua na rubela. Mwaka 2018 wasichana nao walianza kuchanjwa nchi nzima ili kuzuia saratani ya mlango wa kizazi.

Tuchukue surua peke yake. Wengine husema, "Ah, surua ni vipele tu, kila mtoto hupata." Si kweli. Surua huweza kuleta nimonia, kuhara kubaya, na upofu. Kabla chanjo yake haijaenea, surua iliua watu kama milioni 2.6 kila mwaka duniani. Tena huambukiza upesi kuliko magonjwa mengi. Katika watu 10 wasio na kinga walio karibu na mgonjwa, watu 9 huweza kuipata. Kwa hiyo mtoto mmoja asiyechanjwa ni jambo la nyumba yake, na pia ni jambo la kijiji.

3. KABLA NESI HAJAONDOKA

Sasa tumfuate nesi wetu. Siku ya mkoba huamka kabla ya jogoo wa pili. Kazi ya kwanza ni barafu.

Chanjo ina uhai wake. Hupenda baridi, lakini baridi ya kiasi: nyuzi 2 hadi 8. Joto likizidi, chanjo huharibika. Hapo wengi wetu tunajua. Jambo ambalo wengi hatulijui ni hili: chanjo nyingine huharibika zikiganda. Chanjo ya pepopunda ni mojawapo. Kwa hiyo nesi hawezi kuchukua barafu na kulijaza kasha hivi hivi tu.

Hufanya hivi. Anatoa vibao vya plastiki vyenye maji yaliyoganda ndani. Anaviweka mezani. Anasubiri mpaka vitoe jasho. Kisha anakitikisa kimoja kimoja karibu na sikio. Akisikia maji yanacheza ndani, anajua barafu imeanza kuyeyuka na haitazigandisha chanjo. Hapo ndipo anavipanga ndani ya kasha, kimoja kila upande, na chanjo anaziweka katikati. Juu yake anaweka sifongo, halafu anafunga kifuniko. Saa ya baridi imeanza kuhesabiwa.

Kisha anakusanya vitu vingine: mabomba ya sindano ambayo kila moja hutumika mara moja tu; boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika; mizani ya kuning'iniza; utepe wa kupimia mkono wa mtoto; kipimo cha shinikizo la damu kwa wajawazito; vidonge vya kuongeza damu; matone ya vitamini A; rejista; kadi mpya; kalamu mbili. Kwa nini mbili? Moja ikigoma, kazi isisimame.

4. NJIANI

Njia ya nesi tunaijua, maana ndiyo njia yetu. Wakati wa kiangazi ni vumbi na mchanga. Wakati wa masika ni utelezi. Kijito ambacho jana kilifika kwenye kifundo cha mguu, leo kimefika kiunoni. Hapo nesi huvua viatu, hujitwika kasha kichwani, akavuka huku ameshikwa mkono na mwenyeji. Kama maji ni makali hurudi, kwa sababu nesi aliyechukuliwa na mto hamsaidii mtu.

Na nyuma yake ameacha nini? Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wachache. Mmoja akienda na mkoba, aliyebaki anafanya kazi ya wawili. Nyumbani nesi naye ana watoto. Wapo manesi wanaonyonyesha. Mtoto huachwa kwa jirani tangu alfajiri, na mama hurudi jioni.

Tulimwuliza nesi mmoja, "Dada, katika kazi hii nini kinakuumiza zaidi? Mvua? Pikipiki?"

Alicheka kidogo. Akasema, "Mvua nimeizoea. Kinachoniumiza ni kufika nikaukuta mti peke yake."

Tulielewa maana yake siku ile ile. Alibeba chanjo za kutosha watoto 30. Mpaka saa 5 walikuwa wamefika 7. Palizi ilikuwa imepamba moto, na watu walisema watakuja wakitoka shamba. Wengine walikuja saa 9, wakati nesi anafunga mizigo. Wengine hawakuja kabisa.

5. KAZI CHINI YA MTI

Siku ambayo watu wamekuja kwa wakati, kazi huwa ya kupendeza. Kwanza nesi huzungumza na wote, labda juu ya lishe, labda juu ya chandarua. Kisha mizani hutundikwa kwenye tawi. Mtoto mmoja analia, mwingine anacheka, mwingine anamkojolea nesi. Uzito huandikwa kwenye kadi.

Baada ya uzito, nesi huuzungusha utepe katikati ya mkono wa juu wa mtoto. Utepe una rangi tatu. Kijani maana yake ni salama. Njano maana yake ni tahadhari. Nyekundu, yaani chini ya sentimeta 11.5, maana yake mtoto ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu upesi. Hapo hatumlaumu mama. Tunampeleka mtoto kituoni.

Kisha chanjo. Wajawazito nao huonwa faraghani: shinikizo la damu, damu, na mtoto tumboni. Mama akiwa na maumivu makali ya kichwa, akiona ukungu machoni, akivimba uso, au akitoka damu, asisubiri siku ya mkoba. Hizo ni dalili za hatari. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa je, kwa nini nesi hupenda tuje mapema, tena pamoja? Wengine hudhani ni haraka ya kurudi mjini. Sababu iko ndani ya chupa. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu huja kama unga mkavu. Nesi huichanganya na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, haitumiki tena baada ya saa 6, au kazi ya siku ikiisha kabla ya hapo. Kilichobaki humwagwa. Chupa nyingi za surua zina dozi 10. Watoto 10 wakija pamoja, chupa inaisha vizuri. Akija mmoja saa 4 na mwingine saa 9, dozi nyingi zitapotea. Chanjo hizo zimenunuliwa kwa fedha, na zimebebwa kwa jasho.

Kuna alama moja ambayo hata sisi tunaweza kuisoma. Juu ya chupa ya chanjo kuna duara, na ndani ya duara kuna mraba mdogo. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo. Mraba ukilingana rangi na duara, au ukiwa mweusi zaidi, chanjo hiyo haitumiki. Mwombe nesi akuonyeshe. Nesi mwema hachukii kuulizwa.

6. TUSOME KADI

Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma ili usome vitu vya maisha yako. Kadi ya mtoto ni moja ya vitu hivyo. Ilete sasa, uiweke mbele yako.

Tazama sehemu ya chanjo. Mtoto huchanjwa mara azaliwapo. Kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kisha miezi 9, na mara ya mwisho miezi 18. Wengi huishia miezi 9 wakidhani wamemaliza. Bado! Dozi ya miezi 18 ndiyo inayomalizia kinga ya surua na rubela.

Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6, kuanzia mtoto akiwa na miezi 6 hadi kabla hajatimiza miaka 5.

Tazama sasa mchoro wa uzito. Nesi hutia nukta kila mwezi, na nukta huunganishwa kwa mstari. Usitazame nukta moja tu. Tazama mstari unaelekea wapi.

Mstari unapanda: mtoto anakua vema. Endelea hivyo hivyo.

Mstari umelala: mtoto hakui. Mwambie nesi mtoto anakula nini, mara ngapi, na kama aliumwa.

Mstari unashuka: hii ni hatari. Usingoje mwezi ujao.

Mwisho, tafuta tarehe ya kurudi. Isome kwa sauti. Iandike kwa mkaa ukutani, au mahali ambapo watu wote wa nyumbani wataiona.

7. MAMA ANAYEJIFICHA

Liko jambo lingine linalopunguza watu mtini, nalo halisemwi hadharani. Ni hofu ya kufokewa. Mama amekosa mwezi mmoja, labda kwa msiba au kuumwa. Mwezi wa pili anajiambia, "Nikienda leo nitasemwa mbele za watu." Basi hujificha. Mwezi wa tatu hofu imekuwa kubwa zaidi. Hivyo mtoto anapotea kwenye rejista.

Katika kijiji kimoja tulimwona bibi mmoja amesimama mbali na wenzake. Alikuwa na mjukuu mgongoni. Nesi alimfuata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Mbona umesimama juani? Karibu kivulini."

"Mama yake huyu yuko shamba. Anaogopa. Mtoto amepitisha miezi miwili. Tunasikia ataanza upya sindano zote, na kadi yenyewe imeliwa na panya."

"Bibi, haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia. Naomba hiyo kadi niione."

Bibi akafungua khanga yake, akatoa kadi iliyotafunwa pembeni. Nesi alipotaka kuichukua, bibi aliishikilia kidogo. Akaweka kidole juu ya maandishi, akasoma mwenyewe, taratibu: "Tarehe... ya kurudi... kumi na mbili." Akainua macho. "Ndiyo iliyotupita. Niliisoma jana usiku. Nikasema, kama mama yake haji, nitakwenda mimi."

Mtoto alichanjwa siku ile. Nesi akamwandikia kadi mpya, akanakili yote yaliyosomeka, na mengine akayapata kwenye rejista. Bibi yule alikuwa amehitimu darasa la watu wazima. Kusoma neno moja na tarehe moja kulimtosha kumtoa nyumbani.

Tuyashike mambo matatu hapa. Kwanza, mtoto aliyechelewa haanzi upya. Mlete tu. Pili, kadi ikipotea, rejista ipo. Mlete tu. Tatu, mafua madogo au kikohozi kidogo havizuii chanjo. Mlete tu, nesi mwenyewe atamtazama. Na mtoto akipata homa ndogo baada ya sindano, hilo ni jambo la kawaida. Homa ikizidi, au mtoto akikataa kunyonya, mrudishe zahanati.

Na kwa manesi wanaosoma gazeti hili, tunasema kwa heshima: neno kali mbele za watu huweza kufukuza watoto kumi. Neno jema huwarudisha.

8. KIJIJI KIFANYE NINI

Kijiji hakiwezi kutengeneza chanjo. Lakini kinaweza kufanya mambo haya, na hayahitaji fedha nyingi:

(a) Serikali ya kijiji ikubaliane na zahanati juu ya siku moja isiyobadilika kila mwezi. Siku hiyo isigongane na mnada wala kazi ya pamoja ya kijiji.

(b) Tangazo litolewe mara mbili: wiki moja kabla, na tena jioni ya kuamkia siku yenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba. Mhudumu wa afya wa kijiji awe na orodha ya watoto wanaotakiwa kuja.

(c) Mahali paandaliwe: kivuli, meza, viti viwili, maji safi na sabuni, choo kilicho karibu, na chumba au pazia kwa ajili ya wajawazito.

(d) Mto ukijaa, kijiji kimpigie nesi simu mapema asihangaike. Panapofaa, vijana wampokee mtoni na wambebee mizigo.

(e) Akina baba washiriki. Mama akiwa na kazi ya shamba isiyongoja, baba ambebe mtoto ampeleke. Kumbeba mtoto wako si aibu. Aibu ni kumzika kwa ugonjwa unaozuilika.

(f) Anayejua kusoma asome kadi za majirani zake wasiojua. Hiyo ndiyo shukrani ya elimu.

Jioni nesi hurudi. Kazi yake haijaisha. Chupa ambazo hazikufunguliwa, na ambazo alama yake bado ni nzuri, huzirudisha kwenye jokofu, akizitenga ili zitumike kwanza safari ijayo. Boksi la sindano hulipeleka mahali pa kuteketezwa. Kisha hukaa chini na rejista: wangapi wamekuja, wangapi wamechanjwa, na nani hakufika. Majina ya wasiofika huyaandika upande mmoja. Atayauliza mwezi ujao, moja moja.

Tusikubali jina la mtoto wetu liwe katika orodha ile.

MANENO YA KUJIFUNZA

Dozi: kiasi cha dawa au chanjo anachopewa mtu mmoja kwa mara moja.

Kinga: nguvu ya mwili ya kuzuia ugonjwa.

Rejista: daftari kubwa la majina na kumbukumbu za kazi.

Rubela: ugonjwa unaofanana na surua. Ukimpata mama mjamzito unaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Utapiamlo: hali mbaya ya mwili inayotokana na chakula kutotosha au kutofaa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini nesi hasafirishi chanjo na barafu ngumu iliyotoka kugandishwa?

2. Katika kijiji chenu, nesi wa mkoba hufika siku gani? Je, siku hiyo inafaa wakati wa palizi na mavuno?

3. Ni nani kijijini kwenu ambao hawaji mtini? Wanazuiwa na nini: umbali, kazi, hofu, au jambo lingine?

4. Akina baba wangapi walipeleka watoto wao kliniki mwezi uliopita? Kwa nini idadi ni hiyo?

HESABU

1. Mtoto amezaliwa tarehe 3 Machi. Atatimiza wiki 6 tarehe ngapi? Wiki 10 je? Wiki 14 je? (Kumbuka: wiki moja ni siku 7. Machi ina siku 31, Aprili 30, Mei 31.)

2. Mtoto huyo huyo atatimiza miezi 9 tarehe ngapi? Miezi 18 je?

3. Tuseme kijiji kiko kilomita 18 kutoka zahanati. Nesi huenda na kurudi mara moja kwa mwezi. Kwa mwaka anasafiri kilomita ngapi? Kama ana vijiji 4 vya umbali huo, na kila kimoja ana safari yake, jumla ni kilomita ngapi?

MAJIBU YA HESABU

1. Wiki 6: tarehe 14 Aprili. Wiki 10: tarehe 12 Mei. Wiki 14: tarehe 9 Juni. Angalia tena: kama alizaliwa Jumatatu, siku hizo zote zitakuwa Jumatatu. Hiyo ni njia rahisi ya kukumbuka.

2. Miezi 9: tarehe 3 Desemba. Miezi 18: tarehe 3 Septemba ya mwaka unaofuata.

3. Kwenda na kurudi ni kilomita 36. Mara 12 ni kilomita 432. Kwa vijiji 4 ni kilomita 1,728. Hiyo ni safari ndefu kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na nesi huisafiri kila mwaka.

Sisi tunatakiwa kutembea kutoka nyumbani mpaka mtini. Pima mwenyewe ni hatua ngapi, kisha soma tena tarehe iliyo kwenye kadi.